Likizo ya uzazi inaisha? Namna ya kurudi kazini bila kuibeba nyumba nzima kichwani (mwongozo kamili)

Kila nikikaa na mama aliyerudi kazini juzi juzi naskia maneno yaleyale. Nimepata dada wa kazi mzuri, baba mtoto anasaidia, maziwa yapo kwenye friji, ila nimechoka kuliko nilivyokuwa nalea mwenyewe nyumbani. Halafu anajilaumu, anaona labda yeye ndo mvivu.

Sio uvivu. Wengi tunakwama palepale: tumegawa kazi, kukumbuka hatujagawa. Dada anaosha vikombe lakini mama ndo anakumbuka vinatakiwa vichemshwe. Baba ananunua pampasi lakini mama ndo kaona zimebaki nne, kajua saizi, kamtumia hela, kamkumbusha mara mbili halafu akasema asante. Mikono ya watu watatu, kichwa cha mtu mmoja, na kichwa hicho sasa kinatakiwa kifunge na mahesabu ya mwezi ofisini.

Kwahiyo hapa tunahamisha kukumbuka. Anza wiki nne kabla ya kuripoti kazini. Kama umesharudi we anzia hatua ya 1 hivo hivo, utachukua muda kidogo zaidi tu.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Daftari dogo na peni, vikae pamoja muda wote
- Karatasi ya manila moja na makapeni ya rangi mbili
- Kadi ya kliniki ya mtoto, na picha yake iwe kwenye simu ya mtu mwingine pia, sio yako tu
- Barua yako ya likizo, ile yenye tarehe
- Vyombo vidogo vya kuhifadhia maziwa vyenye mfuniko, kikombe kidogo cha kumnyweshea mtoto, na karatasi za gundi za kuandikia tarehe
- Kibegi kinachotunza baridi na chupa mbili za maji ulizogandisha (ukiwa na pampu sawa, usipokuwa nayo mkono unakamua vizuri tu)
- Kopo la hela ndogo ndogo
- Muda wa maongezi kwenye simu ya dada. Watu wanasahau hiki, halafu dada anabipu, we upo kwenye kikao, moyo unaruka
- Mtu wa pili. Baba mtoto, mama yako, wifi, mdogo wako, yeyote. Kama unalea peke yako usiruke hii, nimeigusa kwenye hatua ya 3

## Hatua ya 1: Mwaga kichwa kwenye daftari, siku tatu

Kwa siku tatu kila kitu ubongo unachokukumbusha kiandike, mstari mmoja mmoja. Usiandike kazi ulizofanya, andika ulivyovikumbuka. Mtungi wa gesi umekuwa mwepesi. LUKU imebaki yuniti sita. Kucha za mtoto. Soksi zinambana. Mama mkwe hajapigiwa simu tangu Jumapili. Mchango wa harusi ya binamu. Maji ya kunywa hayajachemshwa. Mkubwa anatakiwa kupeleka ufagio shule.

Sababu yake ni kwamba huwezi kumkabidhi mtu kitu ambacho hata we mwenyewe hujui unakibeba. Vingi vya hivi vinapita kichwani saa 9 usiku ukiwa unanyonyesha, asubuhi hukumbuki kama ulivifikiria, unajua tu umeamka umechoka.

Onyo: usiandike kwenye simu. Utafungua simu kuandika "gesi" utajikuta upo kwenye stetasi za watu. Na usipange chochote bado, mwaga tu.

Siku ya nne pitia na kalamu, kwanza FUTA. Kuna vitu vimekaa humo kwasababu ulimuona mtu mwingine anafanya. Picha ya mtoto ya kila mwezi na keki, futa. Kubadilisha mashuka kila siku mbili, futa. Ila kupiga pasi nguo za mtoto kama mnaanika nje usifute, ile ina sababu yake, mayai ya nzi wa funza yanakaa kwenye nguo mbichi na moto wa pasi ndo unayaua.

Utajua imekubali ukiwa na mistari hamsini na kuendelea na ukasikia kahasira fulani. Mi nilifika 73, nikamuonesha baba mtoto bila kusema neno, akasoma, akauliza "hivi vyote ni vya wiki hii?"

## Hatua ya 2: Panga tarehe kabla hazijakupanga

Chukua barua ya likizo na kadi ya kliniki uziweke pamoja mezani. Hii ni nusu saa tu ila usiiruke.

Kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa siku 84 zenye malipo, 100 kama ni mapacha. Siku 84 ni wiki 12. Sasa angalia kadi: chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Hata kama likizo ilianza siku uliyojifungua, chanjo ya wiki ya 14 inakukuta kazini wiki mbili tu baada ya kurudi, wakati ambao hutaki hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Na kama ulianza likizo wiki tatu kabla ya kujifungua, unarudi mtoto ana wiki 9, kwahiyo na ile ya 10 imo.

Kwahiyo leo hii amua chanjo ya wiki ya 14 anapeleka nani. Jina moja.

Cha pili, sheria hiyohiyo inakupa mpaka masaa mawili kwa siku ya kwenda kunyonyesha ndani ya saa za kazi. Wengi hawaombi mpaka washarudi na bosi keshapanga ratiba. Andika barua fupi wiki tatu kabla, sema unataka yakae wapi. Kama unakaa mbali na ofisi, kurudi mchana haiwezekani kwakweli, bora uombe yote mawili jioni, utoke saa 9 badala ya saa 11. Na foleni utakuwa umeikimbia.

Cha tatu, kama una likizo ya mwaka hujaitumia (ni siku 28 kwa mwaka) omba kuiunganisha na ya uzazi. Wenzetu wa Kenya kwenu ni miezi mitatu, na baba ana wiki mbili, ila mahesabu ya kadi yafanyeni vilevile.

Onyo: usiombe kwa mdomo kwenye korido. Bosi mmoja aliniambia "hamna shida mama" nikiwa kwenye ngazi, mwezi uliofuata akauliza naenda wapi saa 9. Andika, hata imeli ya mistari mitatu.

## Hatua ya 3: Kabidhi jambo zima, usikabidhi kipande

Hapa ndo penyewe, kama una muda wa hatua moja tu fanya hii.

Kila jambo la nyumbani lina vipande vinne: kuona kwamba linahitajika, kupanga, kulifanya, na kuhakikisha limeisha. Sisi huwa tunatoa kipande cha tatu tu. "Baba, pitia dukani chukua pampasi." Vile vingine vitatu vimebaki kwako, tena umeongeza na kazi mpya ya kumkumbusha.

Jambo zima ni hivi: pampasi ni zako. Yaani we ndo unaangalia zimebaki ngapi, we unajua mtoto ana kilo ngapi na saizi gani, we unajua hela inatoka wapi, we unanunua kabla hazijaisha, na zikimwacha alama mapajani we ndo unaona muda wa kupanda saizi umefika. Mi siulizi. Mi sijui hata zinakaa kabati gani.

Mkae jioni mtoto akiwa amelala, daftari katikati. Usianze na "hunisaidii", mtagombana na daftari litafungwa. Anza na swali: kwenye hii orodha ni mambo gani manne unaweza kuyabeba yote, mimi nisiyafikirie tena? Mwache achague mwenyewe. Aliyechagua analishikilia, aliyepangiwa anasubiri kukumbushwa.

Mambo yanayohamishika vizuri ni yale yenye mwendo wake: pampasi, gesi na LUKU, shule ya mkubwa (daftari, ufagio, vikao vya wazazi, vyote), kliniki, simu za ukweni upande wake. Hilo la mwisho wengi hawalifikirii. Mama yake apigiwe na yeye.

Tuelewane kwa nini mambo yalijaa kwako. Baba kwa sheria ya Tanzania anapewa siku 3 kwa kawaida, tena ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. We umekaa siku 84. Ikifika siku ya 84 we unajua kilio cha njaa na cha usingizi, unajua mafuta gani yanamtoa vipele, yeye hajui kwasababu hakuwepo, na wote mnaanza kuamini kwamba "mama ndo anajua". Anajua kwasababu alikaa. Mwenzio naye akikaa na jambo wiki tatu atalijua.

Mkishagawana, kubalianeni kiwango cha chini kwa kila jambo. Pampasi: zisipungue kumi. Gesi: mtungi ukiwa mwepesi unajazwa siku hiyohiyo. Kliniki: tarehe ya kwenye kadi haipiti. Hapo tu. Duka gani, rangi gani, saa ngapi, sio lako tena.

Onyo la kwanza: usikague. Baba mtoto alipoanza alileta saizi kubwa, pakiti zima, wiki nzima mtoto anavuja mgongoni, nikajiuma ulimi mpaka basi. Tangu siku hiyo anasoma kilo kwenye pakiti kabla hajalipa. Ningekimbia kwenda kubadilisha mwenyewe, pampasi zingerudi kuwa zangu.

Onyo la pili: kuna vitu havijifunzwi kwa kukosea. Dawa, chanjo, maziwa, na homa. Hivi mwelekeze kwa mkono kabisa, mfanye pamoja mara mbili, ndo umwachie.

Kama unalea mwenyewe au mwenzio yupo mkoani, usimtafute mtu mmoja wa kubeba vyote, hayupo. Toa jambo moja kwa mtu mmoja. Mama yako ndo wa kliniki. Mdogo wako ndo wa gesi na LUKU, hata akiwa Mwanza LUKU inanunuliwa kwa simu. Jirani wa chini ndo mtu wa dharura mchana. Mwambie kwa maneno kamili: "hili naomba uliangalie wewe, mi nalitoa kichwani." Watu wanakubali kuliko unavyodhani, wanachokataa ni kusaidia-saidia bila mwisho.

Utajua imekubali siku utakayokuta pampasi mpya kabatini na hukumbuki mara ya mwisho kuzifikiria lini.

## Hatua ya 4: Ukuta uongee, sio simu yako

Kama mtoto anabaki na dada, bibi au shangazi, andika kwenye manila na ubandike jikoni. Upande mmoja siku ya mtoto: saa za maziwa na kiasi, kulala, kuoga. Upande wa pili vitu vinakaa wapi. Chini, rangi nyekundu, lini unipigie simu.

Hapo kwenye nyekundu uandike wazi: homa, anakataa kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, anapumua kwa shida, amelegea haamki vizuri, degedege. Na sio unipigie halafu usubiri. Nipigie huku unatoka kwenda kituo cha afya, hela ipo kwenye kopo, bodaboda wa kuaminika namba yake hii hapa. Mtoto chini ya miezi mitatu homa ya nyuzi 38 ni hospitali moja kwa moja, hamna kusubiri jioni.

Mengine yote yanaandikwa kwenye daftari nitayasoma nikirudi. "Nimpikie mkubwa nini?" sio simu, pika kilichopo.

Kopo la hela ndogo litoe maamuzi madogo kwako. Mkaa, nyanya, sabuni, anaamua mwenyewe na anaandika. Usimdai chenji ya mia mbili, utajikuta umepata kazi ya uhasibu nyumbani pia.

Na dada akutumie picha moja kwa siku, mfano saa 6 mchana. Kupiga kila saa kunamchosha yeye, na we unakuwa hupo kazini wala nyumbani.

Jambo ambalo halisemwi sana: dada naye ana kichwa. Sheria inampa mapumziko ya masaa 24 kwa wiki kama mfanyakazi mwingine, na mtoto chini ya miaka 14 haruhusiwi kuajiriwa kabisa. Amua siku yake ya mapumziko nani anashika nyumba, la sivyo mtagundua Jumapili asubuhi.

## Hatua ya 5: Maziwa

Hii inakula akili kuliko zote, kwahiyo ipe mahesabu ili uache kuiwaza.

Mtoto wa mwezi 1 hadi 6 ukiwa haupo anahitaji kama mililita 30 hadi 45 kwa kila saa. Ukitoka saa 12 na nusu asubuhi ukarudi saa 11 na nusu jioni ni masaa 11, andaa kati ya 330 na 500. Gawa kwenye vyombo vya 60 hadi 120, sio chombo kimoja kikubwa, kwasababu alichogusa kwa mdomo akakibakiza kinatakiwa kitumike ndani ya masaa mawili, kikizidi kimwagwe. Na kumwaga maziwa uliyokamua saa 10 alfajiri inauma sana jamani.

Yanakaa masaa 4 nje kama chumba ni nyuzi 25 kushuka, kwa joto la Dar la Januari usifike huko, ingiza kwenye friji mapema. Friji siku 4. Friza miezi 6 bado mazuri. Yakishayeyuka tumia ndani ya siku moja na usigandishe tena. Umeme ukikatika friji isifunguliwe-funguliwe, na kama friza limeyeyuka kabisa yale maziwa yameshaanza kuhesabiwa kama yaliyoyeyuka.

Kupasha: weka chombo kwenye bakuli la maji ya moto, usibandike jikoni. Yakijitenga mafuta juu hayajaharibika, yazungushe taratibu.

Kazini kamua kila masaa matatu hivi, kwenye kibegi chenye barafu yanafika nyumbani salama. Vaa nguo yenye maua maua wiki za mwanzo, nyeupe itakuaibisha kwenye kikao.

Kikombe ni rahisi kusafisha kuliko chupa, na mtoto mdogo anakunywa vizuri ukiwa mvumilivu. Mfundishe nani? Sio wewe, akinusa ziwa lako atakataa. Amfundishe atakayebaki naye, wiki mbili kabla.

## Hatua ya 6: Mazoezi mawili, ya kweli

Wiki ya mwisho chagua siku mbili. Amka saa ile ile, vaa, toka, panda daladala au mwendokasi. Usijifiche chumbani, mtoto atakusikia na dada atakuja kugonga. Nenda kwa rafiki, saluni, popote, ukae mpaka saa ya kurudi.

Kila ukipigiwa simu andika swali uliloulizwa. "Kofia ipo wapi?" maana yake kofia ilikuwa kichwani kwako na sio ukutani. Jioni jazia kwenye manila.

Siku ya kwanza mi nilipigiwa mara 11. Siku ya pili mara 2, moja ni kuuliza narudi na mkate. Ukifika hapo upo tayari.

## Hatua ya 7: Wiki ya kwanza

Omba kuripoti Jumatano au Alhamisi. Siku mbili tatu, wikiendi ikakuokoa, ndo uanze wiki nzima. Bosi wengi hawakatai hii kwasababu hawaoni wanapoteza nini.

Ukifika nyumbani jioni, nawa, nyonyesha, soma daftari. Usiingie ukiuliza maswali nane mlangoni. Na usiguse vile vitu ulivyokabidhi hata ukiviona vimekaa vibaya, wiki hii ndo kila mtu anajaribu kukurudishia bila kujua.

## Hatua ya 8: Dakika ishirini za Jumapili

Jumapili usiku mkae, dakika ishirini, simu mbali. Maswali matatu tu: wiki hii nini kinakuja, nini kimeanguka, na nani amezidiwa. Jambo likianguka mara tatu kwa mtu mmoja libadilisheni mkono, sio kwa adhabu, labda tu halikai vizuri na ratiba yake.

Hapa ndo pa kukamata mabadiliko kabla hayajakushukia wewe. Mfano miezi sita inakuja: vyakula vinaanza, vitamini A, vyombo vipya, kusaga unga wa uji. Ni jambo jipya zima, lina vipande vyote vinne, na bila kulipa jina mezani litatambaa lenyewe mpaka kichwani kwa mama. Miezi 9 surua-rubela, tena miezi 18. Yaandikeni kwenye kalenda ya ukutani leo.

## Kama umefanya yote na bado

Kuna uchovu unaopungua mzigo ukipungua. Kuna mwingine haupungui. Kama zaidi ya wiki mbili unalia bila sababu, hulali hata mtoto akilala, huoni raha kwa chochote, unaona mtoto angekuwa salama zaidi bila wewe, hapo orodha haitakutibu, hiyo inaweza kuwa sonona ya baada ya kujifungua na ina tiba. Ukiwa na mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto usisubiri kesho, mwambie mtu aliye karibu sasa hivi na mwende hospitali.

Kama haijafika huko na huna pa kuanzia, anzia kliniki ya mtoto. Unapajua, manesi wanakujua, mmeshapanga tarehe. Mtoto akishapimwa uzito mwambie nesi "na mimi sipo sawa". Siku hiyo nendeni wawili, kadi aibebe baba.